Rivyu yangu ya atorvastatini 80: kolesto inashuka kweli, ila hii dozi usiimeze bila kuuliza maswali

Nianze na nyota kabisa ili asiye na muda aondoke nazo. Atorvastatini, dawa ya kushusha kolesto ya kundi linaloitwa statini, kama dawa naipa nyota nne na nusu kati ya tano, dozi ya miligramu 80 naipa tatu. Najua ni kidonge kilekile, lakini nimeitumia muda wa kutosha na nimeisoma sana nikaona haiwezekani kuzipa alama moja, maana kila baya nililosikia kuhusu statini na kila zuri nililosikia, ukichimba unakuta linategemea sana ni miligramu ngapi na umechanganya na nini.

Mie nilianzishiwa baada ya mshipa wa moyo kuziba nikawekewa stenti, kile kijibomba cha kuuacha mshipa wazi. Kwa mtu wa hali hiyo madaktari wengi wanaanza moja kwa moja na dozi kubwa, yaani atorvastatini 40 au 80, ama statini nyingine inaitwa rosuvastatini, 20 au 40, na wana sababu, nitaifikia. Kilichonisumbua ni watu wa pembeni. Nusu wanakwambia statini ni sumu itakula misuli, itamaliza ini, itakuletea kisukari, nusu nyingine wanakwambia haina neno meza tu kama vitamini, na pande zote mbili wanaongea kana kwamba 10 na 80 ni kitu kimoja. Si kitu kimoja hata kidogo.

Sikiliza inavyofanya kazi. Ini ndo linalotengeneza sehemu kubwa ya kolesto, na statini inakizuia kimeng'enya kimoja ambacho ini linakitegemea kwa hiyo kazi. Ini likishajiona limepungukiwa linaongeza vipokezi vya kuivuta LDL, ile kolesto mbaya, kutoka kwenye damu, na hapo ndo kipimo chako kinashuka. Sasa kitu ambacho hakuna aliyenieleza mpaka nilipouliza mwenyewe ni kwamba kazi kubwa hapo inafanywa na dozi ndogo! Atorvastatini 10 peke yake inashusha LDL kwa karibu asilimia 39, ya 20 inafika kama 43, ya 40 kama 50, na ya 80 ni kati ya 55 na 60 hivi. Wataalamu wana kanuni yao ya sita, kwamba kila ukiongeza dozi mara mbili unapata nyongeza ya asilimia 6 tu. Ni kama kukamua nguo, mkamuo wa kwanza unatoa maji chururu, wa nne unatoa matone. Kutoka 10 mpaka 80 umeongeza dawa mara nane na nguvu yake haijafika hata mara mbili. Na madhara hayafuati hesabu hiyohiyo, hayo ukiongeza dozi yanaweza kuruka juu kwa namna ambayo faida hairuki.

Hili limeshagharimu maisha ya watu. Kulikuwa na statini inaitwa serivastatini, ya kampuni ya Bayer, ikaondolewa sokoni Agosti 2001 kwa sababu misuli ya watu ilikuwa inavunjika mpaka wengine wanafariki. Marekani peke yake mamlaka ya dawa, FDA, ilikuwa na ripoti za vifo 31, na 12 kati ya hivyo mgonjwa alikuwa amechanganya na jemfibrozili, dawa nyingine ya mafuta kwenye damu. Ripoti zilikuwa nyingi zaidi kwa waliokuwa kwenye dozi za juu na kwa wazee. Dozi, umri, mchanganyiko. Hayo matatu utakutana nayo kila mahali kwenye hii habari.

Halafu ikaja simvastatini 80, na hii ndo inayonifanya niwe mkali na dozi kubwa kuliko nilivyo mkali na statini zenyewe. Simvastatini ni dawa nzuri tu, imeokoa watu wengi. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya utafiti unaoitwa SEARCH, watu 12,064 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, nusu wakapewa simvastatini 20 na nusu wakapewa 80, wakafuatiliwa miaka zaidi ya sita. Waliopata ugonjwa wa kweli wa misuli, sio maumivu tu bali ule unaothibitika kwenye damu, kwenye kundi la 20 alikuwa mtu mmoja. Kwenye kundi la 80 walikuwa 52! Na faida ya ziada kwa moyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba ipo. Juni 2011 FDA ikatangaza kwamba asianzishiwe mtu mpya simvastatini 80, na walioitumia mwaka mmoja au zaidi bila shida ya misuli ndo waruhusiwe kuendelea. Kwa hiyo kama wewe au mzazi wako mmeandikiwa simvastatini 80 leo kwa mara ya kwanza, rudini mkaulize, na sio kuuliza kwa aibu.

Sasa atorvastatini 80 haiko hivyo, na hapa lazima niitendee haki. Kwa kutisha misuli haifikii simvastatini 80, tafiti kubwa zimeipitisha. Ule wa TNT wa mwaka 2005 ulikuwa na watu 10,001 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo uliotulia, nusu wako kwenye atorvastatini 10 na nusu 80, karibu miaka mitano. Waliopatwa na matukio makubwa kama kufa kwa moyo, mshtuko wa moyo au kiharusi walikuwa asilimia 10.9 kwenye dozi ya 10 na asilimia 8.7 kwenye ya 80. Yaani kwenye kila watu 100, wawili hivi waliepushwa na balaa kwa kumeza dozi kubwa badala ya ndogo. Mtu mwingine ataona wawili ni wachache, mie niliyelala kitandani na kifua kinabana naona ni wengi sana, na ndo maana nilikubali kuanza nayo bila ubishi. Upande wa pili wa utafiti huohuo, waliopandiwa na vimeng'enya vya ini, ishara kwamba ini linaumia, vikabaki juu walikuwa asilimia 0.2 kwenye dozi ya 10 na asilimia 1.2 kwenye ya 80. Bado ni wachache, na mara nyingi vinashuka ukipunguza dozi au ukisimamisha, ila ona ilivyopanda mara sita.

Kuhusu ini sitakaa sana, maana watu wanaliogopa kuliko inavyostahili. Ini kufa kabisa kwa sababu ya statini ni jambo adimu mno, ndo maana mwaka 2012 FDA iliacha kusisitiza kupima ini kila mara. Upimwe kabla ya kuanza, na upimwe tena ukiona dalili kama macho kuwa ya njano, mkojo mweusi, uchovu usioeleweka au maumivu upande wa juu wa tumbo kulia. Kusahausahau kumetajwa pia kwenye maelezo ya dawa tangu mwaka huohuo, na kwa waliopatwa nako kwa kawaida kuliisha walipoacha dawa.

Misuli ndo penyewe. Kwangu ilianza mapajani, uzito fulani hivi pande zote mbili kwa pamoja, nikipanda ngazi nasikia miguu kama siyo yangu. Pande zote mbili kwa pamoja, na misuli mikubwa, mapaja, makalio, mabega, ndo maumivu yanayofanana na ya statini. Goti moja likiuma au kisigino kikichoma tafuta sababu nyingine. Nilipimwa CK, kile kipimo cha damu kinachoonyesha misuli ikiumia, kikawa kimepanda kidogo tu, hakijafika popote pa kutisha. Hatari yenyewe wanaihesabu pale CK inapopita mara kumi ya kiwango cha juu cha kawaida pamoja na dalili, na mbaya kuliko zote ni pale misuli inapovunjika ikamwaga vilivyomo kwenye damu, figo zinashindwa kuchuja, mkojo unakuwa rangi ya chai kavu au ya kola. Ukifika hapo usisubiri kliniki yako, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa dozi za kawaida ugonjwa wa kweli wa misuli unampata kama mtu mmoja kati ya 10,000 kwa mwaka, kwa hiyo wengi wetu hatutauona kabisa, lakini dalili zake kila anayemeza hii dawa anapaswa azijue kwa moyo.

Na hapa niseme jambo ambalo wenzangu wenye maumivu hawapendi kulisikia. Kuna utafiti mdogo wa Uingereza unaitwa SAMSON, ulitoka mwaka 2020, walichukuliwa watu 60 ambao walikuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara, wakapewa chupa kwa zamu, mwezi mmoja statini, mwezi mmoja kidonge bandia kisicho na dawa, mwezi mwingine chupa tupu. Asilimia 90 ya madhara waliyoyasikia kwenye statini waliyasikia pia kwenye kidonge bandia. Maumivu yalikuwa ya kweli, hakuna aliyekuwa anadanganya, ila dawa siyo iliyoyaleta, na nusu yao walipoonyeshwa matokeo yao wenyewe walirudi kwenye dawa. Mwaka 2022 uchambuzi mkubwa uliokusanya tafiti nyingi ukasema vilevile, zaidi ya asilimia 90 ya maumivu ya misuli yanayoripotiwa na wanaotumia statini hayatokani na statini, na ziada kidogo inayotokana nayo kweli inaonekana zaidi mwaka wa kwanza. Lakini SAMSON walitumia atorvastatini 20, sio 80! Kwa hiyo daktari akikutajia huo utafiti ili unyamaze na mapaja yako na uko kwenye 80, mwambie kwa heshima kwamba apime CK kwanza.

Apime na tezi ya shingo. Tezi ikifanya kazi kwa uvivu, yenyewe inapandisha kolesto na yenyewe inafanya misuli iwe rahisi kuumizwa na statini, yaani mtu anaongezewa dozi kwa tatizo ambalo dozi italizidisha. Wengine walio kwenye hatari zaidi ni wazee, wenye mwili mdogo, wanawake zaidi ya wanaume, wenye figo dhaifu, wanaokunywa pombe sana, na wapo waliozaliwa na jeni inayofanya ini lisiivute simvastatini vizuri kutoka kwenye damu hivyo inabaki nyingi inazunguka kwenye misuli. Rosuvastatini nayo ina mambo yake, figo zikiwa mbovu sana haivuki 10, na watu wenye asili ya Asia wanaanzishiwa 5 kwa sababu kwao inapanda juu zaidi kwenye damu.

Kitu kilichonitisha kuliko vyote hata hivyo ni mchanganyiko wa dawa. Nikiwa kwenye 80 nikapata kikohozi kizito, nikaenda zahanati moja, nikaandikiwa klarithromaisini bila kuulizwa natumia nini kingine. Aliyeniokoa ni mfamasia, dada mmoja mtaratibu, alipoangalia tu karatasi akauliza, "Kuna dawa nyingine unatumia kila siku?" Nikamtajia. Akaiweka ile boksi chini, akapiga simu, nikabadilishiwa antibayotiki. Akanieleza kwamba klarithromaisini inaziba njia ambayo ini linatumia kuivunja atorvastatini, dawa inarundikana kwenye damu, na ukiwa kwenye hiyo antibayotiki atorvastatini haitakiwi kuvuka 20. Mie nilikuwa 80!! Simvastatini na klarithromaisini ndo hazichanganywi kabisa. Dada yule nyota tano peke yake.

Toka siku hiyo nina orodha kwenye simu na naitoa kwa kila anayetaka kuniandikia kitu. Antibayotiki za aina ya klarithromaisini na erithromaisini, asidi ya fusidi ya kumeza au ya dripu ambayo nayo statini lazima isimamishwe kwanza, dawa za fangasi za kumeza kama itrakonazoli na ketokonazoli, baadhi ya ARV hasa zile za kundi la kuzuia protizi, siklosporini kwa waliopandikizwa figo, jemfibrozili niliyoitaja, kolchisini ya gauti. Wenye presha mnaotumia simvastatini angalieni hapa, ukiwa unatumia amlodipini basi simvastatini isizidi 20, na ukiwa na verapamili au diltiazemu isizidi 10. Amlodipini inaandikwa sana na simvastatini inaandikwa sana, na wanaotembea na zote mbili kwa dozi isiyotakiwa sidhani kama wameambiwa. Juisi ya balungi pia, inafanya kazi ileile ya kuziba njia, ukinywa nyingi kila siku unajiongezea dozi bila kujua.

Kisukari. Hili sio uvumi, lipo. Uchambuzi uliotoka mwaka 2024 uliokusanya tafiti kubwa ulionyesha dozi ndogo na za kati zinaongeza uwezekano wa kugundulika na kisukari kipya kwa karibu asilimia 10, dozi kubwa kwa karibu asilimia 36. Tofauti hiyo kati ya 10 na 36 naona ingefaa iandikwe kwenye boksi. Ila wengi waliovuka mstari walikuwa tayari wamesimama karibu nao, sukari yao ilikuwa juu kabla, dawa ikawasukuma kidogo, na kwa aliyeshaugua moyo faida bado inaizidi hiyo hasara kwa mbali. Kwa hiyo sukari ipimwe kabla, ile ya HbA1c inayoonyesha miezi mitatu ya nyuma, kisha irudiwe. Mie yangu ilikuwa pembezoni mwa mstari na hiyo ilikuwa moja ya sababu za kuongea na daktari kuhusu kushuka dozi.

Waliowahi kupata kiharusi wana lao la kuuliza pia. Utafiti wa SPARCL wa mwaka 2006 ulijaribu atorvastatini 80 kwa watu 4,731 waliopata kiharusi au dalili zake, na viharusi kwa ujumla vikapungua kutoka asilimia 13.1 hadi 11.2, lakini vile vya kuvuja damu kichwani vilikuwa 55 kwenye dawa na 33 kwenye kidonge bandia. Kwa hiyo kama kiharusi chako kilikuwa cha kuvuja damu, sio cha kuziba, mweleze daktari kabla hajaandika 80.

Haya, nilifanyaje. Sikuacha dawa, na naomba mtu yeyote mwenye stenti au aliyepata mshtuko asiache kwa sababu ya kitu alichosoma, hata hiki changu. Nilirudi kwa daktari wa moyo nikamuuliza swali moja, "Kwa nini 80, na nini kingetokea tukishuka 40 tukaongeza kitu kingine?" Hakukasirika. Akasema lengo siyo namba ya miligramu, lengo ni LDL, kwa mtu kama mie chini ya 1.4 kwenye vipimo vya mmol, ambayo ni 55 kwa wanaopimwa kwa mg. Akanishusha 40 akaongeza ezetimibi 10, hii haifanyi kazi kwenye ini, inazuia kolesto isifyonzwe kwenye utumbo. Ukikumbuka hesabu ya sita utaona busara yake, kuongeza statini mara mbili kunakupa asilimia 6, kuongeza ezetimibi kunakupa karibu 20 zaidi juu ya ulichofikia. Na siyo namba ya karatasi tu, utafiti wa IMPROVE-IT wa mwaka 2015 wenye watu 18,144 ulionyesha kuongeza ezetimibi juu ya simvastatini kunapunguza matukio ya moyo, kidogo lakini kweli. Halafu RACING, wa Korea Kusini mwaka 2022, ukalinganisha rosuvastatini 10 pamoja na ezetimibi dhidi ya rosuvastatini 20 peke yake, moyo ukalindwa sawa, na walioacha au kupunguziwa dawa kwa kutoivumilia walikuwa asilimia 4.8 dhidi ya 8.2. Kwa mimi hiyo ndo hoja inayoshinda.

Uzito wa mapajani ulipungua baada ya kushuka. Kama ni dozi au ni mwili umezoea au ni moyo kutulia baada ya kujua CK iko sawa siwezi kukuapia, ila ngazi napanda. Vidonge vya Q10 ambavyo kila mtu anavipigia debe kwa misuli sikununua, tafiti zake zinapingana na pesa ni yangu.

Kwa hiyo nani nampendekezea 80? Aliyetoka kwenye mshtuko wa moyo juzi, LDL iko juu sana, hana dawa zinazogombana nayo, figo na ini viko sawa, huyo aimeze na apime mapema. Mwenye kolesto ya juu ya kurithi ya familia naye mara nyingi hana namna bila dozi kubwa pamoja na dawa nyingine juu yake. Mzee wa miaka 80 mwenye dawa nane mezani, hapana, aanzie chini. Ambaye hajawahi kuugua moyo na anataka tu kuzuia, kwa kawaida dozi ya kati inamtosha. Mama anayepanga kubeba mimba au mjamzito tayari aongee na daktari haraka, wengi wanatakiwa wasimamishe, na anayenyonyesha asitumie. Mie sasa hivi niko kwenye 40 na ezetimibi, LDL imekaa chini ya lengo, sukari haijavuka mstari, na kipimo kinachofuata kikibadilika nitakuja kubadilisha nyota.